Eti Ni Kipupwe! Baridi ya Dar Haijawahi Kumng'arisha Mtu Hivyo

Wadau, ikifika mwezi wa saba kuna mchezo huwa unaanza kwenye simu zetu. Staa anapotea wiki tatu, nne. Haposti, hayupo laivu, mashabiki wanaanza kuulizana kama anaumwa. Halafu siku moja anaibuka na picha kali, amekaa kwenye kochi jeupe, na hujui kati yake na kochi nani kamzidi mwenzake. Mwezi wa nne huyu huyu alikuwa maji ya kunde. Sasa hivi ni papai lililoiva. Komenti zikianza kuchachamaa, anajibu kwa upole kabisa: "Jamani ni hali ya hewa tu, hii baridi imenikubali."

Jina tunalo na nyie mnalo, na wala si mmoja. Yupo wa muziki, yupo wa filamu, yupo na yule ambaye mpaka leo hatujui anafanya kazi gani ila akipiga chafya simu nzima inajua. Hatuwataji, kwa sababu rangi ya mtu mzima ni ya kwake mwenyewe. Kinachonisumbua ni hilo neno "hali ya hewa". Chini ya picha pana namba ya WhatsApp, na ukiipigia unakuta seti ya msimu inakusubiri: sabuni, krimu ya asubuhi, krimu ya usiku, na kachupa kadogo kasiko na lebo. Wenyewe wanakuambia hiyo ni ratiba ya ngozi ya wakati wa baridi, ya wakati wa joto itakuja baadaye.

Na seti hizo haziishii Masaki. Baada ya muda mfupi tu zinateremka Kariakoo, zinavuka mpaka Buguruni, zinapimwa kwenye vikopo vidogo ili na mwenye buku mbili asikose. Pita pale sokoni jioni, karibu na mabanda ya vipodozi, utasikia mwenyewe: "Dada yangu, hii ndiyo ya kipupwe. Joto likirudi unahamia kwenye ile nyingine." Muuzaji anaongea kwa uhakika kama mtangazaji wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kwamba misimu inabadilisha ngozi, hilo sibishi hata kidogo. Mwenye ngozi anajua. Mafuta yanayokupendeza Julai, Februari yanakufanya ung'ae kama kikaango. Ila tusidanganyane kuhusu kitu gani hasa kinabadilika na kwa kiasi gani, maana uongo wote umejificha hapo.

Tuanze na hiyo baridi yenyewe. Kipupwe cha Dar ni Juni mpaka Agosti. Upepo wa kusi unavuma, mvua zinakuwa zimekata, hewa inapungua unyevu, na usiku wa Julai joto linashuka hadi nyuzi 18 au 19. Hapo ndipo makonda wanaibuka na majaketi ya mtumba na bodaboda wanavaa makoti ambayo yalishonwa kwa ajili ya theluji ya watu wengine. Mtu wa Makete, ambaye asubuhi za miezi hiyo anaweza kukuta sakitu juu ya majani, akisikia sisi tunasema tunaganda anaomba kiti akae acheke vizuri.

Sasa njoo kwenye jua. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua linasimama wima juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku ambayo linakuwa mbali nasi kuliko zote ni Juni 21 hivi, na hata siku hiyo mchana linapanda mpaka nyuzi 60 hivi kutoka usawa wa ardhi. Linganisha na London siku hiyo hiyo, ambayo kwao ndiyo siku jua linapanda juu kuliko siku zote za mwaka: linafika nyuzi 62. Yaani jua letu la kinyonge kuliko yote linakaribia kulingana na jua lao kali kuliko yote. Wao siku hiyo wanajipaka mafuta ya kuzuia jua na kukimbilia bustanini. Sisi tunaambiwa ni winta, tuache kuogopa jua, tununue seti.

Ndiyo maana ratiba za ngozi zinazokopiwa kutoka Ulaya na Korea zinatuchanganya. Kule mwezi wa kwanza giza linaingia mapema na mashine za kupasha nyumba joto zinakausha hewa mpaka pua. Mtu wa kule akisema "sasa ni msimu wa krimu nzito", anasema kweli, kwa kwao. Mtu wa Buguruni akimfuata, mwezi wa kwanza anajipaka krimu nzito kwenye joto la nyuzi 32 huku feni imekatika umeme. Vipele vikitoka anasema ngozi yake ni ya shida. Ngozi haina shida yoyote, imepewa kalenda ya watu wengine.

Hebu tuuangalie mwaka wetu wenyewe.

Kuanzia Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi ni kaskazi. Joto, unyevu, jasho lisilokauka. Daladala la kwenda Gongo la Mboto saa kumi na moja jioni, watu wamebanana, shati la mwenzako limeshakuwa shati lako. Huu ndio msimu wa harara, vile vipele vidogo vinavyochoma shingoni, kifuani na kwenye mikunjo. Vinatokea njia za jasho zikiziba, na kitu kinachosaidia kuziziba ni ile tabia yetu ya kumpaka mtoto, na sisi wenyewe, mafuta ya mgando mpaka kwenye kope. Wakati wa kaskazi mafuta ya mgando yabaki visiginoni tu. Mwilini losheni nyepesi inatosha, na kuna watu usoni hawahitaji chochote zaidi ya kunawa na kujikinga na jua. Kuoga mara mbili kwa siku si anasa. Poda kumwagiwa juu ya jasho nayo iachwe, haizuii kitu, inageuka uji.

Kisha masika, Machi mpaka Mei. Aprili peke yake kwa wastani inashusha zaidi ya milimita 200 za mvua hapa Dar, na anayeishi mabondeni kule Kwa Mnyamani hahitaji kipimo cha milimita, anapima kwa magoti. Kwenye mada hizi za ngozi masika husahaulika kabisa, kwa sababu hakuna staa anayepiga picha ya kutangaza krimu akiwa kwenye matope. Lakini kwetu ndio msimu mgumu kuliko yote. Viatu havikauki. Jinzi inavaliwa ina unyevu kwa sababu imekaa kwenye kamba siku tatu bila jua. Taulo moja linatumika na watu wanne. Fangasi wanapenda nini zaidi ya hapo? Wanakaa katikati ya vidole vya miguu, kwenye kinena, chini ya matiti, kichwani kwa watoto.

Na hapa kuna kitu nataka mkisikie vizuri, kwa sababu kinafanywa kila kukicha. Mtu akiwashwa wakati wa masika anakwenda dukani anaomba "ile krimu inayokausha haraka". Anapewa krimu ya steroidi kali, mara nyingi klobetasoli, dawa ambayo ilipaswa kuandikwa na daktari. Anapaka, ndani ya siku mbili muwasho umekata, anaisifia mtaa mzima. Kumbe steroidi imenyamazisha ngozi tu, yaani imeizuia kulalamika. Fangasi bado yupo, na sasa anatambaa kwa raha zake kwa sababu kinga ya ngozi eneo hilo imelazwa usingizi. Baada ya wiki kadhaa choa kimoja kimekuwa ramani. Zaidi ya hapo, steroidi hiyo hiyo ina tabia ya kuifanya ngozi iwe nyeupe pale inapopakwa. Mtu anagundua, anafurahi, anahamishia usoni. Wengi wanaingia kwenye mkorogo kwa mlango huu huu, wala hawakuwa wametafuta weupe. Walikuwa wanatafuta dawa ya kuwashwa.

Masika dawa yake ni ya kizamani na ya bei nafuu: kujikausha. Futa katikati ya vidole, kila mtu na taulo lake, vaa ndala ukiwa nyumbani miguu ipumue, soksi zilizolowa zitoke hapo hapo. Pasi si ya kutafutia urembo tu, nguo ya ndani ambayo haijakauka vizuri ipigwe pasi. Ukiona duara linawasha na linakua, omba dawa ya fangasi, na umwambie mfamasia kabisa kwamba hutaki yenye mchanganyiko wa steroidi.

Kipupwe ndio msimu wa kupauka. Nalipenda sana hili neno letu. Mtu aliyepauka anaonekana tangu kituo cha Chama, miguu kama imepakwa chaki, na wabaya wanamalizia kwamba hata mfuko umepauka. Hewa imepungua unyevu, upepo unavuma vumbi, na sisi tunazidisha kwa kuchemsha maji ya kuoga mpaka yanatoa moshi. Maji ya moto sana yanaondoa mafuta ya asili ya ngozi. Sabuni kali nayo inamalizia kazi, na wapo wanaoogea sabuni ya mche ya kufulia, tunajuana. Badilisha vitu vichache tu. Maji yawe ya vuguvugu. Sabuni laini. Na mafuta upake ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, dakika ile ile unapotoka bafuni, kwa sababu mafuta hayaleti maji mwilini, yanazuia yaliyopo yasitoroke. Huu ndio msimu wa mafuta ya mgando na mafuta ya nazi kurudi kazini, ila mwenye uso wa chunusi mafuta ya nazi yaishie shingoni. Magaga nayo: loweka miguu, sugua taratibu, paka mgando, vaa soksi ulale. Ukiamka hutaamini.

Vuli ya Oktoba mpaka Desemba sina mengi ya kusema. Mvua zake hazitabiriki, jua la Oktoba lipo utosini kama nilivyosema, anza kupunguza mafuta mapema.

Mmeona mahali popote hapo ambapo ngozi inapaswa kubadilika rangi? Mimi sijaona.

Sasa nirudi kwa staa wetu na kochi lake. Je, baridi inaweza kumfanya mtu awe mweupe? Kidogo, ndiyo. Jua linasukuma ngozi itengeneze melanini zaidi. Ukijifunika miezi miwili kwa sweta la mikono mirefu, ngozi ya juu inajibadilisha, inachukua kama mwezi hivi, na ule weusi wa kuchomwa na jua unafifia. Ndiyo maana mtu akirudi kutoka Arusha au Mbeya tunasema maji ya kule yamemkubali. Lakini huo weupe una ukomo, na ukomo huo unatembea nao. Angalia tumbo lako. Sehemu ambayo nguo inaifunika mwaka mzima ndiyo rangi yako bila jua. Baridi inaweza kurudisha mikono na uso kuelekea rangi ya tumbo. Haina uwezo wa kukuvusha hapo hata hatua moja. Mtu akiwa na uso uliopauka kuliko tumbo lake mwenyewe, hapo kipupwe kinasingiziwa.

Na vifundo vya vidole huwa havisemi uongo. Ngozi ya pale ni nene na ngumu, haikubali krimu kirahisi, ndiyo maana picha nyingi siku hizi mikono inafichwa nyuma au inashika pochi kubwa. Ule utani wa uso Fanta miguu Pepsi haukuanza jana.

Nimewasikiliza wauzaji na watumiaji, na nimegundua mkorogo wenyewe una msimu wake. Unaanza Juni. Sababu ni za akili kabisa: wakati wa ubaridi mtu hatoki jasho, krimu inakaa, hachomwi sana, na majirani wanapewa ile hadithi ya hali ya hewa. Ikifika Septemba, Oktoba, matokeo yanaonekana. Desemba kuna harusi, kuna sikukuu, kuna picha. Mpango umekamilika. Halafu inakuja Januari.

Januari jua lile lile linamkuta mtu ambaye ameshaondoa mwavuli wake. Melanini ni kinga. Watafiti wa Marekani mwaka 1979 walikadiria kwamba ngozi ya juu ya mtu mweusi inakinga jua kwa wastani kama mafuta yenye SPF 13, na ya mtu mweupe kama 3 na kidogo. Wewe ulizaliwa na hiyo kinga bure, haina haja ya kununuliwa wala haiishi kwenye chupa. Haidrokwinoni inafanya kazi kwa kuzuia melanini isitengenezwe. Zebaki nayo hivyo hivyo, na juu yake inaingia kwenye damu na kuumiza figo. Steroidi inapunguza unene wa ngozi mpaka mishipa inaonekana na michirizi inatokea mahali ambapo hata mimba haijawahi kupita. Kisha unaiweka ngozi hiyo kwenye joto la Februari. Inakuwa nyekundu, inachoma, inatoa chunusi, inatoa mabaka meusi. Mwenye nayo akiona mabaka anaongeza krimu. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta weusi wa rangi ya buluu unaoganda mashavuni, na huo kuutoa ni kazi kubwa mno hata kwa daktari bingwa. Watu wanautafsiri kuwa ni "kuchomwa na joto la Dar". Hali ya hewa tena! Ikimfaa mtu inasifiwa, ikimharibu inalaumiwa, na krimu haitajwi popote.

Vitu hivi havina ruhusa. Zebaki na haidrokwinoni haziruhusiwi kwenye vipodozi Tanzania, na tangu mwaka 2019 usajili wa vipodozi ulipotoka kwa iliyokuwa TFDA, kazi hiyo ipo mikononi mwa TBS. Mwaka 2023 nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki duniani, zilikubaliana vipodozi vyote vilivyowekwa zebaki viondolewe ifikapo 2025. Kwa hiyo kile kichupa kisicho na lebo si bahati mbaya. Lebo ingebidi iseme kilichomo.

Najua mtakachosema. "Kila mtu na mwili wake." "Wivu tu, mngekuwa na hela mngefanya." Sawa. Mtu mzima akiamua kujibadilisha rangi na akasema wazi kwamba anatumia hiki na hiki, mimi nitakuwa na maoni yangu lakini nitakaa kimya. Wala siwasahau kaka zangu, maana unafiki wao ndio mafuta ya moto huu. Mwanaume huyo huyo anayeandika komenti ya "mkorogo huo" ndiye anayemsifia rafiki yake kwa kupata "mtoto mweupe, chombo", ndiye anayemwambia mchumba wake mbona umekuwa mweusi hivi siku hizi. Mdogo wangu wa miaka 19 anasikia vyote viwili. Anachagua kile kinachoambatana na harusi.

Ninachokataa ni kuuza kemikali kwa jina la utunzaji wa ngozi wa msimu. Maana anayeuza na anayenunua hawaishi kwenye hali ya hewa moja. Staa anatoka kwenye chumba chenye AC, anaingia kwenye gari lenye AC, anashuka kwenye studio yenye AC. Jua kwake ni la kupigia picha. Akiharibika ngozi, anapanda ndege, akirudi anasema alikuwa likizo. Sasa mchukue binti anayepanga nyanya pale sokoni Buguruni tangu saa kumi na mbili asubuhi, mwavuli wake umetoboka, jua la Machi lipo juu kabisa ya kichwa chake. Au mama lishe ambaye upande mmoja ana jua na upande wa pili ana jiko la mkaa. Hao wamepaka krimu ile ile, tena iliyopimwa, ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini njiani. Likizo yao ni siku ya msiba.

Kuna watu ambao hili la jua wamelijua kabla yetu wote, nao ni ndugu zetu wenye ualbino. Kwao melanini kukosekana halikuwa chaguo, na saratani ya ngozi imewaondoa wengi wakiwa bado vijana. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC ambako kuna kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi cha kanda, yanatengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo KiliSun kwa ajili yao. Yaani nchi hii hii upande mmoja watu wanahangaika kupeleka kinga kwa aliyezaliwa bila kinga, upande mwingine mwenye kinga analipa hela iondolewe. Nikifikiria hilo huwa naishiwa utani.

Mtaniuliza kuhusu hiyo sanskrini, kama kila mtu anatakiwa kuwa nayo. Kwa mwenye ualbino ni lazima, mwaka mzima, kipupwe mpaka kaskazi. Kwa mwenye ngozi nyeusi anayesumbuliwa na mabaka au chunusi zinazoacha alama, inasaidia sana, kwa sababu jua ndilo linalozidisha hizo alama. SPF 30 inatosha, na upake tena ukitoka jasho. Ila najua bei zake, na najua kwamba zile za bei ya chini zinamwacha mtu mweusi kama amejimwagia unga wa ngano. Kama hela haipo, kinga ya kwanza haijawahi kuwa chupa. Ni kofia pana, ni mwavuli mzima, ni kanga kichwani, ni kuhamisha meza upande wa kivuli saa sita mpaka saa tisa. Mabibi zetu wa Pwani walijipaka liwa na kufanyiwa singo ngozi ing'ae, na hakuna aliyetoka ndani akiwa na rangi ya mtu mwingine. Kung'aa na kuwa mweupe ni vitu viwili, sijui tulivichanganya lini.

Na kwa ambaye tayari yumo ndani na anasoma hapa kwa kuibia, huu si wakati wa kusemwa. Kama umepaka krimu kali kwa miezi mingi, usiitupe ghafla leo usiku kisha ukae kimya. Steroidi ikiachwa ghafla ngozi inaweza kulipuka, inakuwa nyekundu na kuchoma kuliko mwanzo, na hapo ndipo wengi wanaogopa na kuirudia. Anzia Kituo cha Afya Buguruni, au nenda Amana hapo jirani, waambie ukweli na uende na hicho kichupa mkononi hata kama hakina lebo. Watakuelekeza kwa daktari wa ngozi. Utapitia kipindi ambacho uso una rangi mbili, tatu, na watu watasema. Kitakuwa kirefu kuliko unavyotaka. Ukiweza kuanza Juni kuliko Januari, anza Juni, kwa faida ya jua. Lakini ukiwa na kidonda, homa au uvimbe wa miguu na uso, usisubiri msimu wowote.

Wewe staa wetu, najua unasoma, maana huwa unatublock halafu unatufungulia. Seti ya joto utaitoa Desemba kama kawaida. Tunaomba kwenye tangazo lake upige picha moja tu umenyoosha mikono mbele, vifundo vya vidole vionekane, bila filta.